Barua za Wasomaji: Ọsẹ, Oni na Oniọvo, au Jinsi Waurhobo Wanavyowaita Jamaa Zao

Katika toleo lililopita safu hii iligusia kwa mistari michache majina ya jamaa katika Kiurhobo, lugha ya kusini mwa Nigeria, na barua zilizofuata zimeonyesha kwamba mistari ile haikukata kiu ya wasomaji. Tumechagua sita kati ya barua hizo na kuzifupisha pale ilipobidi. Majibu yametofautiana kwa urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayana kina kimoja.

Ndugu Mhariri, jirani yangu ni fundi mitambo kutoka Nigeria. Alipotembelewa na mgeni alinitambulisha kwake akasema huyu ni ndugu yangu, lakini baadaye nikafahamu kwamba mgeni yule ni mtoto wa shangazi yake. Nilipomuuliza alinijibu kwamba katika Kiurhobo hakuna kosa lolote kusema hivyo. Kiurhobo ni lugha gani, na je, jirani yangu alisema kweli? — Msomaji, Tanga

Jirani yako alisema kweli, na kabla ya kueleza sababu inafaa tujue anatoka wapi. Waurhobo ni wenyeji wa Jimbo la Delta, lililoundwa mwaka 1991 baada ya Jimbo la Bendel kugawanywa, na miji ambamo lugha yao husikika sana ni Ughelli, Abraka, Effurun, Sapele, na pia Warri, ambako wanaishi pamoja na Waitsekiri na Waijaw. Lugha yao imo katika kundi la lugha za Kiedo, kundi linalochukua jina lake kutokana na lugha ya Benin City, na jamaa yake wa karibu kabisa ni Kiisoko. Zipo lahaja kadhaa, na ile ya Agbarho ndiyo iliyokubaliwa zaidi katika maandishi, ingawa watu wa Okpe na wa Uvwie, ambao wamo katika jumla ya Waurhobo, wana lugha zao wenyewe ambazo wataalamu huzihesabu mbalimbali na Kiurhobo.

Msingi wa majina ya jamaa ni maneno machache sana. Baba ni ọsẹ, mama ni oni, mtoto ni ọmọ. Mtoto wa kike ni ọmọtẹ na wa kiume ni ọmọshare. Mwanamume ni ọshare na mwanamke ni aye, na maneno haya mawili ya mwisho ndiyo pia yanayotumika kwa mume na mke. Anayetaka kusema "yangu" huweka neno mẹ nyuma ya jina, akapata ọsẹ mẹ, oni mẹ, ọmọ mẹ. Msomaji wa Kiswahili atafurahi kuona kwamba wingi hupatikana mwanzoni mwa neno, kama sisi tunavyofanya: ohwo ni mtu na ihwo ni watu, ọmọ ni mtoto na emọ ni watoto, ọshare huwa eshare, oni huwa ini. Hili halikutokea kwa bahati. Kiurhobo na lugha za Kibantu ni matawi ya mbali ya mti mmoja, ule wa lugha za Niger na Kongo, na desturi ya kubadilisha kichwa cha neno ili kuonyesha wingi ni mali ya kale ya mti huo.

Sasa tuje kwa mgeni wa jirani yako. Neno alilolifikiria jirani yako kabla ya kutamka "ndugu" bila shaka ni oniọvo, ambalo katika wingi ni iniọvo. Humtaja ndugu bila kujali kama ni wa kike au wa kiume, mkubwa au mdogo, na kutoka kwa mtu mliyezaliwa naye huenea hadi kwa watoto wa ami, wa shangazi, wa mjomba na wa mama mdogo. Kiurhobo hakina neno moja linalolingana na "binamu" letu, wala mtu haoni haja ya kulitafuta anapomtambulisha jamaa yake kwa jirani.

Je, zile nukta chini ya herufi zina maana, au ni mapambo ya wachapishaji? — Msomaji, Iringa

Zina maana. Kiurhobo kina irabu saba, na herufi za kawaida za irabu ni tano tu, kwa hiyo ẹ na ọ zenye nukta huonyesha sauti zinazotamkwa kwa kinywa kilichopanuka zaidi kuliko e na o za kawaida. Anayeandika "ose" badala ya ọsẹ ataeleweka na Murhobo kwa sababu ya muktadha, na magazeti na mabango mengi ya huko huziacha nukta hizo kwa sababu kibodi hazizitoi kwa urahisi, lakini katika kitabu au katika somo ni vyema ziwepo. Ndiyo maana pia utakuta oniọvo limeandikwa "oniovo" mahali pengi. Zaidi ya hayo lugha hii ina tani, yaani sauti ya juu na ya chini hutenganisha maana, na tani hizo haziandikwi kabisa katika maandishi ya kila siku.

Nimesoma kwamba Waurhobo ni watu wanaofuata ukoo wa baba. Lakini safu yenu ilisema kwamba neno lao la ndugu limejengwa juu ya neno la mama. Mambo haya mawili yanapatanaje? — Mwanafunzi wa isimu, Dodoma

Swali hili ndilo kiini cha jambo lote, nami nimelifurahia.

Oniọvo ni muungano wa oni, mama, na ọvo, moja. Katika wingi sehemu ya kwanza ndiyo inayobadilika, oni ikawa ini, na hiyo ni dalili kwamba mzungumzaji bado anamhisi "mama" akiwa hai ndani ya neno hilo. Kwa hiyo ndugu, kwa asili ya neno, ni mtu wa mama mmoja. Na ni kweli vilevile kwamba Waurhobo huhesabu ukoo kupitia kwa baba: mtoto ni wa watu wa baba yake, ardhi na cheo hufuata upande huo, na mzee wa ukoo ni mzee wa upande huo.

Ukiyatazama mambo haya kutoka mbali utaona mgongano, lakini ukiingia ndani ya nyumba ya zamani ya Murhobo mwenye wake kadhaa utaona kwamba mgongano haupo. Katika nyumba hiyo kuwa mtoto wa baba hakukutofautishi na yeyote, kwa maana kila mtoto anayekimbia uani ni wa baba yuleyule. Kinachowatenganisha watoto na kuwaunganisha kwa makundi ni chumba walikolala, jiko walikopikiwa, na mwanamke aliyewanyonyesha. Ukoo wa baba ndio unaoijibu dunia ya nje inapouliza "ninyi ni watu wa nani?", na mama ndiye anayejibu swali la ndani ya ua, "wewe ni wa nani kati yetu?". Undugu wa karibu kabisa, ule wa kuaminiana bila kuulizana, ulizaliwa katika swali hilo la pili, na lugha ikalichukua jina lake kutoka hapo. Kisha neno likatoka uani, likaenea kwa watoto wa wake wengine, kwa ukoo mzima, na hatimaye kwa kila mtu ambaye mzungumzaji anataka kumweka karibu.

Waurhobo hawako peke yao katika fikra hii. Waigbo, majirani zao wa mashariki, humwita ndugu nwanne, yaani mtoto wa mama, ingawa nao kwa sehemu kubwa ni watu wa ukoo wa baba. Wayoruba upande wa magharibi wana maneno ẹgbọ́n kwa ndugu mkubwa na àbúrò kwa ndugu mdogo, maneno yanayotazama umri, lakini wanapotaka kusisitiza kwamba hakuna undugu wa karibu zaidi ya huo husema ọmọ ìyá, mtoto wa mama. Waisoko wana neno lilelile la Waurhobo kwa tofauti ndogo ya umbo. Jambo la kushangaza ni kwamba Waedo wa Benin City, ambao lugha yao ni jamaa wa Kiurhobo, hawakufuata njia hii: wao husema ọtẹn kwa ndugu, na hata baba na mama kwao ni erha na iye. Kati ya majina ya msingi ya jamaa, ọmọ ndilo linalosikika kwa Waurhobo, kwa Waedo na kwa Wayoruba pia.

Na sisi je? Msomaji asije akadhani kwamba tunazungumzia jambo la kigeni kwetu. Mswahili anapotaka kumtofautisha ndugu na ndugu husema "ndugu wa tumbo moja", na akitaka kusema kinyume chake husema "baba mmoja, mama mbalimbali". Tumbo hilo ni la mama. Tofauti ni kwamba sisi tuna neno ndugu ambalo ndani yake hamna mama wala baba, kisha tunaongeza maelezo inapobidi, ilhali Murhobo ameweka maelezo ndani ya neno lenyewe, na anapotaka kumtaja ndugu wa baba mmoja tu ndipo anapoongeza, akisema ọmọ rẹ ọsẹ mẹ, mtoto wa baba yangu. Kwa maneno mengine, mahali pa kuanzia kwa Murhobo ni mama, na baba ndiye anayehitaji kutajwa.

Kwa kuwa wewe ni mwanafunzi wa isimu, nakuongezea jambo moja la kulifikiria. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno umbu, ambalo mwanamume alilitumia kwa ndugu yake wa kike na mwanamke kwa ndugu yake wa kiume. Neno hilo lilitazama jinsia ya pande zote mbili kwa pamoja, na leo limebaki katika kamusi na tenzi huku dada na kaka wakichukua nafasi yake. Katika lugha tatu utaona mambo matatu tofauti yaliyochaguliwa kuwa muhimu: Kiyoruba kilichagua umri, Kiswahili cha kale kikachagua jinsia, na Kiurhobo kikamchagua mama. Usitafute ipi iliyo sahihi zaidi. Tafuta ni maisha gani yaliyoifanya kila moja iwe ya lazima.

Kwetu pwani mtoto hufundishwa mapema kumtofautisha ami na mjomba, shangazi na mama mdogo, kwa sababu kila mmoja ana haki na wajibu wake. Kama Kiurhobo hakina majina haya, mtoto anamjuaje nani ni nani? — Msomaji, Mombasa

Anamjua kwa njia mbili, na ni muhimu kuzitenganisha: kuna namna ya kumwita mtu, na kuna namna ya kumweleza.

Katika kumwita, heshima ndiyo inayotawala. Mwanamume wa rika la baba hataitwa kwa jina lake tupu na mtoto, ataitwa baba. Mwanamke wa rika la mama ataitwa mama. Na hili ni sawa na mama mkubwa na baba mdogo wa kwetu, isipokuwa sisi tumeacha alama ya ukubwa na udogo mbele ya macho ya mtoto. Katika kueleza, Kiurhobo hutumia kiungo rẹ, ambacho kazi yake ni ya "a" yetu ya unganifu, na kwa kiungo hicho mtu hujenga jamaa yeyote amtakaye. Oniọvo rẹ ọsẹ mẹ ni ndugu wa baba yangu, ambaye sisi tungemwita ami au shangazi kulingana na jinsia. Oniọvo rẹ oni mẹ ni ndugu wa mama yangu, yaani mjomba au mama mdogo. Ọmọ rẹ ọmọ mẹ ni mjukuu wangu. Katika mazungumzo ya haraka irabu humezana na kiungo hupungua hadi kubaki r tu, kwa hiyo msomaji aliyezoea kuona maneno haya kitabuni asishangae akiyasikia yamefupishwa mdomoni.

Utaona kwamba katika maelezo haya hakuna kinachopotea. Upande wa baba na upande wa mama vimetajwa waziwazi, tena kwa uwazi kuliko katika neno letu binamu. Binamu lilitokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya mwana wa ami, yaani mtoto wa ndugu wa kiume wa baba peke yake, lakini leo tunalitumia kwa watoto wa ami, wa shangazi, wa mjomba na wa mama mdogo bila kubagua, hata msikilizaji hawezi kujua njia ya undugu mpaka aulize. Murhobo anayesema ọmọ rẹ oniọvo rẹ oni mẹ amekwisha kukupitisha katika njia hiyo hatua kwa hatua: mtoto, wa ndugu, wa mama yangu. Kinachokosekana ni jinsia, na hiyo nayo huongezwa panapohitajika.

Ama kuhusu haki na wajibu, nakubaliana nawe kwamba jina humkumbusha mtu wajibu wake. Neno mjomba kwetu limebeba uzito wa yule mlezi wa upande wa mama ambaye mtoto hukimbilia kwake baba akiwa mkali. Uhusiano wa namna hiyo na watu wa upande wa mama upo pia katika jamii za Nigeria ya kusini, na mtoto wa Kiurhobo huujua kwa kupelekwa huko, kulishwa huko na kupokewa kwa furaha huko. Hahitaji neno la pekee ili kuujua. Hata hivyo siwezi kukubali hoja ninayoisikia mara kwa mara kwamba lugha yenye majina mengi ya jamaa ina familia zilizoshikamana zaidi. Hoja hiyo haina msingi.

Mimi ni Mkenya ninayeishi Houston, na mwaka huu nimeolewa na Murhobo. Katika sherehe watu wengi wa upande wake, hata wanawake, walikuwa wakiniita "mke wetu". Wifi zangu pia waliniambia kwamba ni lazima nipige magoti ninapowaamkia wazee. La kwanza lilinichekesha, la pili lilinitia wasiwasi. Naomba mwongozo. — Bi. harusi, Houston

Hongera kwa ndoa yako, bibi. Kwa wanaofuatilia ndoa za Kiurhobo, bibi harusi huitwa ọpha, kwa hiyo hilo ni jina ambalo huenda ulilisikia siku hiyo likiimbwa bila wewe kujua kwamba unaimbwa wewe.

Kuitwa "mke wetu" ni desturi iliyoenea kusini mwa Nigeria, miongoni mwa Waurhobo na majirani zao. Katika Kiurhobo aye ni mwanamke na ni mke pia, na katika wingi huwa eya, neno ambalo linafaa ulikumbuka kwa sababu umbo lake la wingi haliwezi kukisiwa kwa kanuni ya kawaida. Avwanre ni sisi, na pia ni -etu. Aye avwanre, basi, ni mke wetu. Maana yake si kwamba una waume wengi. Maana yake ni kwamba ndoa yako haikufungwa na mtu mmoja, ilifungwa na ukoo, yaani ekru kwa neno la Kiurhobo, na kila aliyemo katika ukoo huo amepokea sehemu ya furaha na pia sehemu ya jukumu: ukiugua, ukidhulumiwa, ukifiwa, watu waliokuita mke wao hawatakuwa na udhuru wa kukaa kando. Wanawake wanakuita hivyo kwa sababu binti wa ukoo, ambaye yeye ni ọmọtẹ wa nyumba hiyo hata akiwa ameolewa mbali na ana wajukuu, husimama upande wa waliooa. Hapa ndipo utakapoona mpaka mkubwa wa familia ya Kiurhobo, mpaka kati ya binti waliozaliwa ndani ya ukoo na wake walioingia kwa ndoa. Katika mazishi na sherehe makundi haya mawili yana nafasi zake, na wewe mahali pako pa kukaa ni pamoja na wake wenzako wa ukoo. Sisemi wake wenza kwa maana ya mitala. Ninamaanisha wale wote waliooana na ndugu za mumeo. Wajue mapema, kwa sababu wao ndio watakaokufundisha.

Kuhusu magoti, usiwe na wasiwasi. Salamu yenyewe ni migwo, na ndani yake kuna maana hiyohiyo ya kupiga magoti. Mdogo huisema kwa mkubwa, naye mkubwa hujibu vrẹndo, akimwambia ainuke. Ukiitazama vizuri utaona kwamba kazi yake ni ileile ya "shikamoo" na "marahaba", ambayo nayo ilianza kwa maneno ya unyenyekevu na leo ni adabu ya kila mtoto aliyelelewa vyema. Wanaume nao huitoa kwa wazee wao, kwa hiyo si mzigo wa wanawake peke yao. Unaweza kuitoa kwa kuinama kidogo kama afya au mahali hapakuruhusu kupiga magoti, lakini mbele ya baba na mama wa mumeo, mara ya kwanza hasa, piga magoti kamili ukiongeza ọsẹ mẹ au oni mẹ. Usiseme jina la mzee. Hilo tu ndilo kosa ambalo mgeni hulifanya kwa urahisi na ambalo huumiza kweli.

Je, maneno haya ya baba, mama na ndugu hutumika nje ya familia, kama sisi Watanzania tulivyolitumia neno "ndugu" katika siasa? — Msomaji, Morogoro

Hutumika, tena katika mambo makubwa kuliko hotuba.

Kwanza hutumika katika kueleza nchi yenyewe. Waurhobo wana falme zaidi ya 20, na simulizi za nyingi kati ya hizo huanza na baba mmoja na wanawe. Ufalme wa Agbon una miji sita, Okpara, Kokori, Eku, Orhoakpor, Ovu na Igun, na wenyeji huwahesabu waanzilishi wake kuwa watoto wa Agbon. Ufalme wa Okpe una nyumba nne zinazotokana na wana wanne wa Okpe, yaani Orhue, Orhoro, Evbreke na Esezi, na kiti cha mfalme wao, anayeitwa Orodje, ni haki ya nyumba hizo nne. Mwanasosholojia Onigu Otite, aliyeuchunguza ufalme wa Okpe kwa undani, alionyesha jinsi hesabu hii ya ukoo inavyofanya kazi ya kisiasa. Kwa hiyo mtu wa Eku anaposema kwamba watu wa Kokori ni ndugu zake, anataja pamoja na upendo wake hati ya makubaliano kuhusu ardhi, vyeo na zamu ya kuzungumza.

Pili, undugu ulikuwa jina la chama. Mwaka 1931 Waurhobo waliokuwa Warri walianzisha chama chao na kukiita kwa Kiingereza chama cha kindugu cha Waurhobo, wakati ambapo utawala wa Waingereza ulikuwa umewachanganya na wengine bila kuwatambua ipasavyo. Baadaye kikageuzwa jina kikawa Urhobo Progress Union. Chini ya Mukoro Mowoe, mfanyabiashara aliyekiongoza hadi kufariki kwake mwaka 1948, chama hicho kilichangisha fedha kutoka kwa Waurhobo waliotawanyika katika miji ya Nigeria, kikawasomesha vijana ng'ambo na kujenga Urhobo College huko Effurun, ambayo mkuu wake M. G. Ejaife alikuwa mmoja wa waliosomeshwa na fedha hizo. Mtu aliyekuwa kazini mbali sana na kijiji chake alitoa mchango kwa mtoto ambaye hakuwahi kumwona, kwa sababu aliambiwa kwamba mtoto huyo ni oniọvo. Katika historia ya Tanzania neno ndugu lilitumwa kufuta tofauti za vyeo kati ya raia. Kwa Waurhobo wa miaka ile neno lao lilitumwa kukusanya watu ambao falme zao zilikuwa zimezoea kukaa mbalimbali, na nadhani kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi.

Tatu, maneno haya huvuka kaburi. Katika dini ya jadi wazee wa kiume waliotangulia huitwa Esemo na wa kike Iniemo, na ndani ya majina hayo msomaji ambaye amefuatana nasi tangu mwanzo atawatambua mara moja baba, mama na watoto. Makao yao ni Erivwin, ulimwengu wa waliokufa, na huaminiwa kwamba wanaendelea kuwaangalia watoto wao, kuwaonya na kuwalinda. Wakristo wa Kiurhobo, ambao leo ni wengi, wameliweka neno lilelile la baba mdomoni mwao wanapoanza Sala ya Bwana kwa Ọsẹ avwanre.

Sisahau majina ya watu. Ọmọnigho, jina ambalo utalikuta kwa Waurhobo wengi, maana yake ni kwamba mtoto ni bora kuliko fedha, kwani igho ni fedha. Kwa watu waliokaa muda mrefu kwenye njia za biashara ya mawese, na wanaoishi leo juu ya mafuta ya petroli, jina hilo ni tamko, na wazazi hulitoa wakiwa wanalimaanisha.

Waliouliza kama maneno haya yamo hatarini, jibu ni kwamba katika vijiji hayamo, lakini mjini yanasukumwa. Warri na Sapele ni miji inayojulikana Nigeria nzima kwa Kiingereza chake cha mchanganyiko, kile kiitwacho Pijini, na watoto wengi huko hukikuta nyumbani kabla ya Kiurhobo. Ndani ya Pijini ndugu ni "broda" na "sista", na kila mtu mzima ni "anti" au "ankul". Heshima imebaki, na mtoto bado hamtaji mkubwa kwa jina tupu. Kilichopungua ni yule mama mmoja aliyekuwa ndani ya neno, kwa sababu "broda" halimtaji mama wala baba. Wazazi wa Kiurhobo walio ng'ambo walioniandikia wakiomba orodha ya maneno ya kuwafundisha watoto nawashauri waanze na ọsẹ mẹ, oni mẹ na oniọvo mẹ, kisha migwo na vrẹndo, na wayafundishe kwa kumpigia bibi simu, kwa kuwa tani haziandikwi na hakuna ukurasa, huu ukiwemo, unaoweza kumpa mtoto sauti hizo.